Gwaride la Harusi Yako Nimelipata Lizaboni

Dada Fausta,

Shikamoo, ingawa umenizidi mwaka mmoja tu. Songea kuna baridi, ila mdogo wako anapendeza hata kwenye sweta la kuazima.

Nilikuahidi utaingia kanisani kwa wimbo wa gwaride ambao hakuna bibi harusi wa huko amewahi kuingia nao. Basi huku mtaa wa Lizaboni nimempata mzee aliyekuwa akipiga besi, lile tarumbeta kubwa linalobebwa begani, kwenye bendi ya zamani ya parokia. Nikamwambia, "Mzee, nipigie mara moja tu, kichwa changu ni mashine." Akapiga bu, bu, bu mpaka jasho likamtoka. Nikamuuliza wimbo wenyewe uko wapi. "Alikuwa nao Kosmasi wa tarumbeta dogo," akasema, "na Kosmasi tulishamzika."

Mke wa mzee alikuwa pembeni anachambua maharage. Akauimba la la la, wote, bila kukwama.

"Kumbe unaujua?" mzee akashangaa.

"Si nilikuwa nawafuata barabarani na mtoto mgongoni. Wewe ulikuwa unajisikia mwenyewe tu."

Mzee akalishusha tarumbeta, akamwomba arudie, akasikiliza kama mgeni.

Nimeandika yote kwa nota za solfa. Besi ya mzee nitaikanyaga kwa miguu kwenye kinanda cha kanisa, wimbo wa mkewe utakaa mkono wa kulia. Siku hiyo usimkimbilie shemeji, hatoroki. Tembea taratibu, maana nimewaalika wote wawili, na mzee anataka kuusikia mpaka mwisho.

Wako mtundu, ninayekupenda,
Gaspari