Mshika Joho la Mfalme

Jumamosi, Kitete

Babu yangu! Eti yule aliyeshika joho ni babu yangu!

Picha ile niliitundika mwenyewe sebuleni jana, kwa ajili ya washenga walioleta posa ya binti yangu Zuhura. Ni nakala ya mchoro wa zamani: mfalme wa Ulaya anavishwa taji, na nyuma yake mtu mmoja amembebea pindo la joho. Nilitaka wageni wajue wameingia nyumba ya watu wa maana.

Lakini wageni wenyewe ni Wazaramo, watani wetu sisi Wanyamwezi. Mshenga mkuu, Mzee Kondo, hakugusa hata kahawa. Aliitazama picha, akaniuliza, "Mtani, huyu aliyeshika joho si babu yako? Mizigo ya misafara ya pwani haikuwatosha Wanyamwezi, mpaka Ulaya mlikwenda kubeba?"

Watu walicheka mpaka machozi. Mke wangu ndiye aliyecheka kuliko wote. Mwalimu mstaafu mzima, nakosa jibu mbele ya mtani! Kwa hasira nikasema posa tutaijibu baada ya miezi miwili. Zuhura amenuna mpaka sasa, na nahofia kijana anayemposa asije akachoka kungoja...

Nimelipata jibu! Nimelipata nikinawa miguu: "Kweli, Mzee Kondo, babu yangu amebeba. Ila babu yako nimemtafuta picha nzima, hata mlangoni hayumo."

Miezi miwili ni mingi, jibu litachacha. Kesho asubuhi nawapigia simu: posa imekubaliwa, rudini upesi.