Jibu la Wimbo wa Mpunga

Garsen, Ijumaa, Machi 1956

Na bado wanayaita maendeleo. Santuri mpya imefika dukani kutoka Mombasa, na ndani yake umo wimbo wetu wa kufukuzia ndege kwenye mpunga. Mwimbaji anaita vizuri. Lakini pale ambapo mwanamke wa shamba la pili huitikia kwa maneno yake mwenyewe, wameweka gitaa.

Nilimwambia mwenye duka kwamba wamelikata jibu ili wimbo utoshe upande mmoja wa santuri. Alicheka.

"Mwalimu, wewe hata harusini utatafuta kosa. Watu wanacheza."

Walikuwa wanacheza kweli. Hilo ndilo lililoniudhi.

Dada yangu Habiba alikuwa mlangoni na kikapu chake. Gitaa lilipoanza, akaitikia kwa sauti, kama alivyokuwa akimwitikia marehemu mke wangu Amina toka shamba hadi shamba. Hakufika nusu. Mwimbaji alikuwa amekwisha endelea, na vijana wakamcheka.

Nyumbani nilimwomba aniimbie lile jibu lote, niliandike lisipotee. Aliweka kikapu chini.

"Kaka, silijui. Nilikuwa namjibu wifi. Akinichokoza namjibu hivi, akiwa na huzuni namjibu vile. Leo nimjibu nani?"

Nilikwisha andaa maneno makali ya kupeleka gazetini, dhidi ya hao wa Mombasa na gitaa lao. Sasa sina wa kugombana naye. Jibu lilikwisha siku tuliyomzika Amina.