Masizi Kwenye Sanda Yako

Mama,

Masizi yamekoma. Nakwambia hilo kwanza, maana ndilo ungeniuliza kabla hata ya kuitikia salamu yangu.

Kampuni ile ya meli imewakataza manahodha wake kusafisha mabomba ya moshi wakiwa wamefunga gatini. Sasa husafishia huko nje, bahari kuu. Huko nako masizi yanaangukia wapi, sijui, wewe ungewauliza. Meli za wengine bado zinatufukizia hapa Ganjoni, ila si kama zamani.

Wakumbuka siku ile? Kila Shaabani ulikuwa ukiitoa sanda yako, ile uliyoiosha kwa maji ya Zamzam ulipokwenda Hija, ukiianika juu darini ipate hewa. Mwaka ule ikashuka na madoadoa meusi yenye mafuta, ukiyagusa yanatanda. Hukulia. Ulivaa buibui, ukaikunja, tukaenda mpaka ofisini kwao, ukamkunjulia meneja mezani.

"Mama, meli nayo lazima ipumue," akasema.

"Na mimi je, sipumui? Hebu nitizame, mwanangu. Nende kwa Mola wangu na hii vivi hivi?"

Yule bwana akainama kuyatazama madoa. Alikuwa kijana wa hapa hapa kwetu. Nadhani alimkumbuka mamake.

Amri yao ilipotoka, ulikuwa umeshatutoka. Tulikuzika kwa bafta mpya ya dukani Mji wa Kale, kwa sababu wale kina mama waliokuosha walisema nguo yenye madoa haifai. Walisema kweli. Lakini sanda uliyoitunza miaka yote hiyo ilibaki kabatini, wewe ukaondoka bila yake. Naumia, Mama. Naumia mpaka leo.

Shaabani hii nimeianika. Meli yao ilikuwa gatini pale Mbaraki, naliona bomba lake, nami nikakaa na sanda tangu asubuhi mpaka alasiri. Nilipoiteremsha niliipapasa yote, upindo kwa upindo. Madoa yalikuwa yale yale yako. Jipya halikuwepo hata moja. Nikakaa chini pale pale darini nikalia.

Nitaianika kila mwaka. Na siku nitakayoona doa jipya, nitavaa buibui lako niende nikaikunjue juu ya meza ile ile.

Mola akulaze mahali pasipo moshi.

Mwanao,
Rukia