Jeneza Laenda Mbio, Mguu Hautaki

Bi Amatullah mpendwa, naomba msaada wako na naomba jina langu lisitajwe, maana hapa Kibokoni kila baraza lina masikio. Mimi ni mtu wa miaka sitini na tisa, sina kisukari wala presha, na tangu ujana wangu halijatoka jeneza mtaani nisilitie bega, lakini mwezi uliopita tulipokuwa tukimpeleka jirani makaburini, nawe wajua maiti wetu hacheleweshwi, vijana wakakaza mwendo nami nikakaza, mara nikahisi mguu hausukumi, ncha ya kiatu ikakwaruza chini, nikapepesuka na jeneza likalala upande mbele ya watu wote, kijana mmoja akanipigia kelele, "Ami, wata! Wata, utatwangusha!" nikaliachia nikabaki nyuma na aibu yangu.

Ajabu ni kwamba nikienda Makadara taratibu kununua mboga sikwai hata kidogo, basi najiuliza mguu huu una nini, wanichagulia safari? Tangu siku hiyo nikisikia tangazo la maziko najilaza nasingizia kichwa, mke wangu Nabiha ashaanza kunitazama kwa jicho la pembeni, na watu wanong'ona kuwa nasusia maziko. Hayo ningeyavumilia, lakini kaka yangu Riyadh, wa tumbo moja, ni mgonjwa hajiwezi, na mara ya mwisho alinishika mkono akanambia, "Nduyangu, siku yangu ikifika n'takutaka wewe mbele, upande wa kuume, usin'watie mikononi mwa wageni." Nikamwitikia. Nyumba yake iko huko huko Makadara nami sasa naipita kwa mbali, naogopa atanikumbusha ahadi, na usingizi siupati, kila nikifumba macho namwona kaka yangu anaanguka begani mwangu. Nifanye nini?

Ami wa Kibokoni

Ami yangu, pole, tena pole sana, na nikimaliza kukupa pole nitakugombeza.

Mguu haukuchagulii safari, umezeeka nawe. Mtu akienda polepole kifundo cha mguu hakitakiwi kazi kubwa. Akiharakisha, misuli ya shavu la mguu ndiyo inayotakiwa kusukuma ardhi na kuupeleka mwili mbele. Kwa umri misuli hiyo hupungua nguvu, kifundo hukakamaa, nyonga zikabebeshwa kazi isiyokuwa yao, na unyayo hauinuki vizuri. Ongeza mzigo begani na vijana wanaokimbizana, kisha washangaa umekwaa!

Kila asubuhi shika ukuta, simama kwa vidole, shuka taratibu, urudie mpaka misuli ichoke kidogo. Ukizoea, jaribu kukaza mwendo kidogo kidogo, bila mzigo. Kama wavaa ndara za kukokota, ziweke kando, vaa kiatu kinachoshika kisigino. Na umwone daktari wa viungo, hasa ikiwa ni mguu mmoja tu unaoburuzika au unaokufa ganzi, maana hapo huenda si umri peke yake. Nabiha naye mwambie leo, kabla hajadhani una mke mwingine.

Kuhusu jeneza, usilibebe tena kwenye mbio. Siku ikifika, na umri wa mtu haujulikani, tia bega pale mlangoni kabla vijana hawajashika kasi, upande wa kuume kama alivyotaka, hatua chache, kisha mpishe kijana wenu wa nyumbani. Ahadi utakuwa umeitimiza, na hakuna atakayeanguka.

Lakini lililonitia uchungu katika barua yako ni kwamba kaka yako yu hai, autazama mlango akikungoja, nawe uko kitandani unamzika. Aibu gani hiyo, Ami? Mtu aliye hai habebwi begani, huendewa. Vaa viatu uende ukamwambie ukweli wa mguu wako, akucheke, mcheke pamoja. Makadara kwenda kununua mboga wafika bila kukwaa. Na kwa kaka yako utafika.