Mlango Uliotiwa Kiraka cha Mtumbwi

Bangwe,
S.L.P. 87,
Kigoma.
11 Aprili 1997

Mpendwa Mjomba Vedasto,

Shikamoo. Hali yako huko Shinyanga? Kifua cha mkazamjomba Sia kimepona? Watoto je, wanakula vizuri? Naomba barua hii ikukute umekaa, usiisome njiani.

Sisi tuko hai, tunamshukuru Mungu. Mama ameungua viganja, Baba amevunjika mkono wa kulia, mimi nimeng'oka jino. Nitaeleza taratibu, maana kuandika naweza kuliko kusema.

Unaukumbuka ule mlango mzito hapa nyumbani, unaotenga jiko la wapangaji wote na ngazi ya kwenda vyumbani juu. Uliwekwa ili moto wa jikoni usipande. Mwaka jana, watu walipoanza kuvuka ziwa wakikimbia vita, majambazi walisikia kwamba humu wanakaa Wakongo wenye dhahabu. Walikuja na mashoka, wakaupasua, wakamkata sikio mpangaji mwenzetu, Mzee Feliksi. Dhahabu hawakuiona.

Wapangaji wakakutana. Mzee Gervasi wa chumba cha mbele akasema, "Mlango wa moto hautiwi kiraka kama kaptula. Tuchange, tuweke mpya wa chuma."

Baba, kwa kuwa ni mwenyekiti wa nyumba, akamcheka. "Gervasi, wewe wa kuchanga? Chumvi yenyewe unaomba kila jioni!"

Watu walicheka sana. Hapo Filemoni, yule mvuvi Mkongo anayeishi jirani na chumba chetu pamoja na mkewe Dunia na mtoto wao Christian, akasema, "Baba Erica, muchukue mbao za mutumbwi yangu. Ile imeshachoka."

Tulipiga makofi. Hapa ziwani nani asiyejua kwamba ubao wa mtumbwi hauozi? Baba aliugongelea mlangoni mwenyewe. Hakuna aliyekumbuka kwamba hauozi kwa sababu umeshiba lami na mawese miaka yote.

Jumanne ya wiki iliyopita stovu ya mafuta ya taa ililipuka jikoni. Mlango ulishika moto kabla hata ya meza, na moto ukapanda ngazi kama mtu anayekimbia. Dunia alikuwa juu. Alimtupa Christian dirishani nguo zikiwaka, Mama akamdaka. Kisha akaruka yeye. Nyonga ilivunjika, Mjomba. Niliusikia mlio wake.

Moto ulipozimwa, watu walimgeukia Filemoni. "Mkimbizi katuletea kuni, akatuambia ni mlango!" Mzee Gervasi ndiye aliyeanza, kwa tofali. Wengine wakafuata kwa mateke na vipande vya mbao zilezile, bado za moto. Filemoni alilia, "Minakufa, wandugu, minakufa!" Baba alisimama tu na ndoo yake.

Unanijua. Shuleni nilikuwa naitikia jina kwa kunyoosha kidole tu. Lakini nilipiga kelele, "Ni Baba aliyezigongelea mbao hizo! Na nyote mlipiga makofi!"

Baba akanizaba kofi, jino likatoka. Akaitazama damu mkononi mwake. Halafu akaitupa ndoo, akaenda akamlalia Filemoni kwa juu. Wakampiga yeye mpaka mkono ukavunjika.

Sasa wote wamekubaliana kununua mlango mpya wa chuma. Baba amekiri mbele yao kwamba Gervasi alisema kweli kuhusu mlango. Ila wanataka Filemoni na familia yake wapakiwe kwenye lori la kambi ya wakimbizi kwanza, ndipo mlango uwekwe. Na Dunia hawezi hata kugeuka kitandani. Kwa hiyo Baba ameketi kwenye fremu iliyoungua, anasema, "Semeni kwanza Filemoni anabaki. Mkisema, nanyanyuka." Fundi analeta mlango, anaurudisha.

Leo asubuhi Baba alikwenda hospitali kufungwa mkono upya, nikakaa mimi. Mzee Gervasi akaja na fundi na vijana wawili. "Toka hapo, binti. Usitake na wewe tukupeleke kambini." Akanivuta nywele. Vijana wakanivuta miguu. Niliikumbatia fremu, masizi yakanijaa mdomoni. Lakini sikutoka. Baba aliporudi, aliwakuta wameulaza mlango chini, wameukalia, wanahema.

Mjomba, mkutano wa mwisho ni Jumapili ya wiki ijayo. Mzee Gervasi anakuheshimu kwa kuwa ulimfundisha mwanawe Rodgers. Tafadhali panda treni uje. Mimi sitaweza kusema mbele yao mara ya pili. Kukaa hapa ndiko ninakoweza, na nitakaa.

Mama anakusalimu, na Baba, na Mzee Feliksi. Christian analala nami, naye anakusalimu ingawa hakujui. Msalimie mkazamjomba Sia na watoto wote. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na akulete salama.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Erica