Mhadhara wa Upweke

Payyannur, 4 Juni

Mwanangu Sajitha,

Salamu nyingi. Natumai kile kikohozi kimekuacha. Mimi mzima, magoti tu ndiyo hayanitii.

Jana maktaba ya mtaa ilijaa. Katibu aliurusha ukutani ule mhadhara wako wa Pune, tukakuona mkubwa kama mlango. Swali lako, “Upweke ni ugonjwa, au tumeuzaa wenyewe?”, liliwafanya watu wabishane hadi chai ikapoa. Nilijivuna, sikufichi.

Kisha ukamtaja mzee mgane anayemimina chai vikombe viwili kila asubuhi, eti hajakubali kuwa mkewe amekufa. Ukumbi mzima ukanigeukia. Dakshayani wa duka la vitambaa akalia kabisa.

Mwanangu, kuni za kuuchoma mwili wa mama yako niliziwasha kwa mkono wangu. Najua amekufa. Kikombe cha pili ni cha Moideen. Tulipokuwa tukisokota sigara za majani karakanani, yeye ndiye aliyetusomea gazeti kwa sauti, sote tukaelimika mikono ikifanya kazi. Sasa haoni, namsomea mimi. Huja saa moja. Siku ile ulipokuja ukaviona vikombe, uliondoka saa kumi na mbili na nusu.

Ungeuliza tu.

Baba yako

Pune, 15 Juni

Baba mpenzi,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha. Magoti uyakande kwa mafuta ya moto, usiyadharau.

Barua yako nimeisoma mara nne, na kila mara naona aibu upya. Miaka mitatu namsimulia mzee yule kumbini, watu wanafuta machozi, nami napigiwa makofi. Sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Kama wewe ni mpweke, basi aliyekuacha ni mimi.

Jumapili nitasimama ukumbini hapa Pune niwaambie nilikosea. Unisamehe.

Mwanao

Payyannur, 27 Juni

Mwanangu,

Hatujambo, mvua tu inatuonea. Nilikusamehe kabla sijafunga ile bahasha.

Lakini Pune nani ananijua? Wa huku ndio wananiletea uji kama mgonjwa. Njoo ujikosoe hapa. Moideen naye anakutumia ujumbe: “Mwambie huyo mwanafalsafa, mimi na ndevu zangu hizi nitakuwaje mzimu wa mama yake?”

Baba yako

Pune, 21 Agosti

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama. Samaki wa kukaanga uliyenifungia nilimmaliza kabla treni haijavuka Goa.

Nashukuru kwa siku zile tatu. Nilipowaambia watu wa maktaba kwamba nilikugeuza mfano bila kukuuliza, Moideen alipiga makofi peke yake mpaka wengine wakamfuata. Nikadhani yamekwisha. Ndipo uliposimama safu ya mbele, mbele ya watu sitini, ukaniita mwalimu: “Mwalimu, na wewe huko unakula na nani?”

Wakacheka. Nami nikacheka, nikapokea swali la mtu mwingine. Uliketi taratibu, wala hukunikumbusha tena, hata stesheni.

Jibu langu hili hapa. Nakula jikoni, nimesimama, redio ikisema. Miaka sita sasa. Katika jengo hili sijui jina la jirani hata mmoja. Watu husema naueleza upweke vizuri kwa sababu nimesoma sana.

Sikutaka uhuzunike. Ila umeuliza, na mimi nilishindwa kuuliza.

Mwanao

Payyannur, 29 Agosti

Mwanangu Sajitha,

Salamu. Magoti yamepata nafuu, au najidanganya tu kwa sababu ya safari.

Barua yako nilimsomea Moideen, usinikasirikie. Akasema, “Wewe bado umekaa hapa unafanya nini?” Nikamuuliza nani atamsomea gazeti. “Mke wangu. Ataruka siasa yote anisomee matangazo ya vifo, lakini nitavumilia. Nenda!”

Basi nakuja. Treni inafika Jumatano adhuhuri, nami nitakaa mpaka Moideen aanze kulalamika. Falsafa sina, na Kimarathi, lugha ya huko, sijui hata neno. Lakini milango ya jengo lenu nitaigonga mmoja mmoja, tujue nani anaishi hapo.

Siku hiyo usile kabla sijafika.

Baba yako