Oveni Iliyozimika Kibugu

Baba,

Nakuandikia nikiwa dukani kwetu hapa Meru, kwenye kiti chako. Wateja wameanza kunizoea. Mwanzoni walikuwa wakiingia, wananiona, halafu wanauliza fundi yuko wapi. Siku hizi wanashusha kifaa kibovu na kunieleza ugonjwa wake. Lakini leo nataka kukuambia habari za oveni ya Mama.

Unaikumbuka, ile ya mezani yenye namba za kijani, uliyomnunulia aokee keki za harusi. Tulipokuzika aliacha kuoka. Wanawake wa kanisa wakamsihi, akajaribu. Oveni ikawaka, ikapata moto, kisha namba zikapotea na kila kitu kikazimika. Ikipoa, inawaka tena. Fundi mmoja wa Embu akasema bodi, ile sakiti inayoiendesha, imekufa. Mama akanipigia simu: "Hii kitu ilikufa na baba yako, Wawira. Wachana nayo." Aliyasema kwa utulivu, na utulivu huo ndio ulionitisha. Niliogopa kwamba akikubali oveni imekufa, naye atakaa kwenye kiti cha sebuleni asiinuke tena.

Nikaenda nyumbani Kibugu kuichukua. Niliikuta mlangoni, ameshaifunga kwa gunia kama kitu cha kutupa.

Nilifuata utaratibu wako. "Bodi ni ya mwisho kulaumiwa," ulikuwa ukisema. Nikapima waya, fyuzi, koili ya moto, na kile kihisio kinachoiambia bodi joto limefika wapi. Vyote vizima. Ndipo nikaitoa bodi yenyewe, nikainusa. Zamani nilikuwa nakucheka ukinusa bodi, Baba. Ilinuka kuungua. Kapasita moja, kile kikopo kidogo cha kuhifadhi umeme, ilikuwa imevimba kichwa, na risasi ya kuchomelea kwenye mguu wa rilei, swichi inayopeleka umeme kwenye koili, ilikuwa na ufa mwembamba: ikiwa baridi inashika, ikipata joto inaachia. Nikabadilisha kapasita, nikachomea ule mguu upya. Nikaoka mkate hapa dukani, halafu mwingine. Haikuzimika. Jirani anayeuza simu alikula mpaka akaomba siagi.

Nikairudisha Kibugu na kiburi kidogo. Mama akaipanga mahali pake, akaiwasha, nami nikatoka kuchuma mboga. Niliporudi, namba zilikuwa zimepotea. Mama hakulalamika. Alisema tu, "Si nilikuambia."

Nilitaka kulia. Nikasimama pale jikoni nikijiuliza kuna nini Kibugu ambacho hakiko Meru. Ndipo nikakuona.

Mama alikuwa ameweka ubao juu ya oveni ili moto usikuguse. Juu ya ubao, kitambaa cheupe alichofuma wakati wa matanga, kikubwa, kimening'inia pande zote mbili. Na juu ya kitambaa, picha yako, ile tuliyobeba mbele ya jeneza. Kitambaa kilikuwa kimefunika matundu yote ya ubavuni, pale bodi inapopumulia. Joto lilikosa pa kutokea, likawa linaipika bodi.

Nisamehe, nilicheka kimoyomoyo. Wewe uliyegombana na vitambaa miaka yote! Unakitoa juu ya TV, Mama anakirudisha. Unakitoa juu ya redio, anakirudisha. Sasa umekalia kimoja.

Lakini ningemwambiaje? Mjane ameiweka picha ya mumewe mahali anapopapenda kuliko pote nyumbani, halafu mtoto aje aseme iondolewe. Nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Nikafagia. Mwishowe yakanitoka: "Mama, Baba ameziba oveni."

Alinitazama, akaitazama picha, akatazama kitambaa. Akaanza kucheka, mabega yanatikisika, halafu kicheko kikageuka kilio. Nikamshika. Tulilia wote wawili na sikujaribu kumnyamazisha. Alipotulia alijipangusa machozi kwa kitambaa kile kile, akasema na wewe, si na mimi: "Baba Wawira, ata huko umekataa vitambaa?"

Akakutundika ukutani kwa mikono yake, juu ya meza anapokorogea unga. Kisha akaniuliza kama kuna mayai.

Nilifungua oveni, nikaigusa tena ile risasi kabla hatujawasha, nikahakikisha imeshika. Keki ikaiva. Ilipasuka kidogo katikati, na Mama akasema mkono wake umesahau. Ameshakubali kuoka ya harusi ya pale jirani.

Nakukumbuka sana, Baba. Hasa nikipata ubovu nisiouelewa, nageuka kukuuliza kabla sijakumbuka.

Pumzika sasa. Nakuahidi nitakuwa nikienda nyumbani kila nikipata nafasi. Unamjua Mama, kitambaa kitarudi juu ya oveni. Nitakitoa. Akikirudisha nitakitoa tena, naye atanifokea kama alivyokuwa akikufokea, ili nyumba yako isinyamaze.

Binti yako,
Wawira